Bi Hariri na Kabati la Maandazi

Shukrani zote ni za Yule aliyemfundisha buibui kufuma pasi na sindano wala bobini, akatuacha sisi mafundi cherehani tukijikuna vichwa mbele ya kazi yake. Baada ya hayo, ninaandika habari hizi kwa sababu zimesimuliwa vibaya mno, tangu hapa Tinde mpaka Isaka, na wapo watu wazima wenye ndevu wanaoapa kwamba mimi, Bashiri, nilioa mke wa pili kwa siri nikamzika uani kwangu. Sikuoa. Niliozesha tu, na niliyemwozesha alikuwa na miguu minane.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, Ramadhani imebakiza siku tatu. Niliinua kifuniko cha cherehani yangu nikamkuta mgeni: buibui jike, mpana kama kiganja, mwenye manyoya ya rangi ya kahawa, naye amekwisha kutandika zulia jeupe juu ya mkebe wa vifungo. Mtu mwingine angalivua kiatu. Mimi nilivua kofia. Ni Muislamu gani asiyeijua habari ya pango la Mtume, na utando uliofumwa mlangoni, na maadui waliorudi mikono mitupu? Kwa miaka ishirini nimewaambia wanaonisikiliza msikitini baada ya alasiri kwamba buibui hauawi ovyo. Sasa buibui mwenyewe alikuwa amekuja kutazama kama ninayatenda niyasemayo.

Nilimfunikia bakuli, nikapitisha ubao chini yake, nikamhamishia katika kabati la vioo.

Hapo ndipo kosa la kwanza, maana kabati halikuwa langu. Lilikuwa la mke wangu Mwahija, ambaye mtaa wote humwita Mama Mwaisha kwa jina la binti yetu aliyeolewa Kahama. Mwahija huuza maandazi barazani, na kabati hilo, lenye vioo pande nne na kitasa cha shaba, alilirithi kwa mama yake mzazi. Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa mfungo, kabati lilikuwa tupu, nami nikaona kwamba utupu ni sawa na ruhusa.

Alipotoka jikoni na kuliona, hakupiga kelele. Mwanamke huyu akipiga kelele, hali ni njema. Aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akauliza polepole:

"Baba Mwaisha, ni nini hicho ndani ya kabati la marehemu mama yangu?"

"Ni mgeni."

"Mgeni ana miguu mingapi?"

"Minane."

"Basi ni wageni wanne. Watoke."

"Mama Mwaisha, kiumbe huyu ana heshima yake. Habari ya pango unaijua."

"Naijua. Ulinisomea siku ya pili ya harusi yetu, mimi nina usingizi. Yule wa pangoni alifuma mlangoni, akabaki mlangoni. Hakuingia kwenye maandazi ya mtu."

Mtu akishindwa hoja hutoa neno kubwa. Nikasema, "Huyu si mgeni wa bure. Nitamwozesha, naye atazaa, nawe utaona maajabu ya Mola wako."

Akanitazama. "Kuku wangu wanataga. Mbuzi wa Mbuke anazaa. Na mdudu wako naye?"

"Naye."

"Lini?"

"Kabla ya Maulidi."

"Haya. Maandazi nitayauza kwenye sinia mpaka Maulidi. Akizaa, kabati ni lake yeye na wanawe, sitalidai tena mpaka nakufa. Asipozaa, asubuhi ya Maulidi kabati langu, na yeye chakula cha kuku wangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema inshallah."

"Inshallah," nikasema, na kwa ujinga wangu jioni ile nikayarudia maneno hayo mbele ya wazee barazani. Tangu siku hiyo haikuwa tena habari ya mtu na mkewe. Kila aliyenipa mkono baada ya sala aliuliza mwana atazaliwa lini.

Nilimwita Bi Hariri, kwa ajili ya uzi wake. Tangu Mfungo Mosi, unaofuata Ramadhani, hadi katikati ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ni miezi mitano na nusu, nami niliona muda ni mrefu kama barabara ya Nzega. Nilikuwa nimesahau jambo dogo: sikujua hata kidogo jinsi buibui wanavyooana.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, alikuja jirani yangu Kalisti. Huyu ni fundi baiskeli, Mkristo, mzaliwa wa Biharamulo, aliyechimba dhahabu kule Geita mpaka mgodi ulipofungwa. Hata leo haingii katika chumba cha mtu kabla hajatazama dari kama ina nguzo za kutosha. Alikuwa amekumbatia kopo la maziwa ya unga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kalisti. Umebeba nini?"

"Nimeleta posa."

Akafunua. Ndani alikuwamo buibui wa ukoo ule ule, ila mwili mwembamba na miguu mirefu mno. "Nimemkuta ndani ya tairi," akasema. "Anatembea tu, mzee. Hana nyumba wala mzigo. Anatafuta mchumba."

"Umejuaje kama ni dume?"

"Mwembamba, miguu mirefu, halali mahali pamoja siku mbili. Kule Geita tulikuwa mia nne wa namna hiyo."

Akamwita Spoki, maana miguu yake ilifanana na spoki za gurudumu. Tukakubaliana kwamba Kalisti awe mshenga na mimi walii wa bibi harusi. Mwahija akauliza kutoka jikoni mahari ni kiasi gani, Kalisti akasema panzi watatu, Mwahija akasema kwao Isaka hata mjane hatoki kwa panzi watatu. Tukaongeza wawili.

Aliyetupa akili alikuwa Mbuke, mjane wa Kisukuma wa nyumba ya tatu. Baba yake alikuwa mcheza nyoka aliyesifika, na kwa hiyo yeye haogopi chochote kitambaacho. Alituangalia kama watu wanaojenga nyumba kuanzia paa.

"Mlisheni bibi harusi ashibe kwanza," akasema. "Jike la namna hii likiwa na njaa halitofautishi mume na mboga. Msipomlisha, mtaozesha asubuhi na kuhani mchana."

Laiti tungalimuuliza na mengine! Kesho yake alikwenda Buzwagi kumsaidia dada yake kulima, tukabaki bila mwalimu.

Harusi ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Bi Hariri alikula panzi watano na mende mmoja wa ziada. Kalisti alikuja amevaa shati la kanisani, mkono mmoja ameshika kopo, mkono wa pili pampu ya baiskeli. Nikamuuliza pampu ya nini. Akasema ya kuamulia: wakigombana, atawapuliza, maana hakuna kiumbe aliyeumbwa na manyoya asiyekimbia upepo.

Tulipomtia Spoki mlangoni, alisimama juu ya ukingo wa utando. Kisha akaugonga uzi kwa miguu ya mbele: tap, tap. Akanyamaza. Tap, tap.

Mwahija, aliyekuwa ameapa kwamba hatakuja, alikuwa nyuma yetu na mikono yenye unga. "Anabisha hodi," akasema. "Ana adabu kuliko wewe ulipokuja kwetu."

Bi Hariri akatoka kwenye pembe yake, akainua miguu ya mbele juu kabisa. Spoki akasogea, akaingia chini yake. Mimi nikageuza uso kwa staha, nikamwambia Kalisti naye ageuke.

"Mzee, tukigeuka wote, nani atajua saa ya pampu?"

"Nitatazama mimi," akasema Mwahija. "Mimi ni mwanamke. Geukeni."

Tukasimama tukiutazama ukuta, wanaume wawili wazima, kama waliofukuzwa darasani. Muda wa kumaliza kikombe cha kahawa ulipita. Ghafula tukasikia: "Pampu! Pampu! Anamla!"

Kalisti akageuka akapuliza kwa nguvu za mchimbaji. Spoki akaruka kama kishada, akatua juu ya mkono wa Kalisti, akaingia katika mkono wa shati lake la kanisani. Sitaeleza mchezo aliocheza Kalisti uani, kwa kuwa ni jirani, na jirani ana haki yake. Nitasema tu kwamba Spoki alitokea kwenye ukosi akiwa salama, na kwamba Kalisti aliporudi kuichukua pampu yake, bibi harusi alikuwa ameikumbatia. Alimuuma kidole cha shahada kikavimba kama kiazi. Kwa siku nne baiskeli za Tinde zilitengenezwa kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo Bi Hariri alikula kwa bidii, akanenepa. Mfungo Pili ulipoingia akaacha kula ghafula. Akatandika utando mzito pembeni mwa kabati, akatulia. Nani angedhani vinginevyo? Nilitangaza barazani kwamba siku zake zimekaribia. Wazee wakanipongeza, na mmoja akauliza kwa uso mkavu kama nitachinja mbuzi mmoja kwa kila mtoto, au mmoja kwa wote.

Asubuhi moja, Jumapili, nilimkuta amelala chali juu ya shuka lake jeupe, miguu yote minane juu, wala hatikisiki.

Kalisti aliitwa akitoka kanisani. Akamgusa kwa jani la nyasi. Hakukuwa na kitu. Akavua kofia.

"Pole, mzee."

"Amefia uzazi," nikasema. Sikuthubutu kuongeza neno, kwani fadhila za wanaokufa hivyo zimesemwa kwa ajili ya wanadamu, na mimi si mtu wa kugawa visivyo vyangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa kubwa, na kosa lenyewe lilitokana na malezi mema. Kwetu maiti hasubiri. Nimefundishwa tangu utoto kwamba kumheshimu aliyekufa ni kumharakishia, na jua lilikuwa linapanda. Lau tungalikuwa watu wa kuahirisha, habari hii isingalikuwapo. Lakini kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kukata kipande cha bafta.

Sikumwosha, wala sikumsalia. Hayo ni ya watu. Nilimsitiri tu, bila kushona. Kalisti alichimba chini ya upenu wa jiko, kando ya baraza la maandazi, ambapo udongo ni laini na mvua haipigi. Nikamweleza kwamba sisi hatumwagi udongo juu ya maiti. Chini ya kaburi, ubavuni, huchongwa kijumba kiitwacho mwanandani. Humo hulazwa marehemu, zikawekwa mbao za kuzuia, ndipo udongo ukarudishwa.

Uso wa Kalisti ukang'aa. "Kumbe nyinyi mnazika kimgodi! Miaka yote hii mbona hukuniambia?"

Nilidhani atachimba kishimo. Alichimba kazi. Mwanandani ule ulikuwa na dari ya mbao za kasha la chai na nguzo nne za spoki zilizokatwa sawasawa, naye akaigonga dari kwa kile kidole kibovu, akasikiliza, akaongeza nguzo ya tano. "Mwamba hautamwangukia," akasema. "Hata lori likipita juu." Akauliza kichwa kielekee wapi. Nikamwambia kwa kiumbe huyu tumwachie Muumba wake.

Udongo uliporudi, nilisimama nikamtolea ubeti mmoja nilioutunga nikiwa nimeshika mkasi:

*Hariri mfuma nyuzi, leo kimya yako nyumba,*
*Hapakufaa machozi, japo moyo unagomba,*
*Ulikuwa na ujuzi, wa kufuma bila pamba,*
*Nami fundi wa mavazi, sikuweza yako kamba.*

"Nzuri, mzee," akasema Kalisti. "Ila hukutaja kidole changu."

Mwahija alijifunga kanga kiunoni. Alilitoa kabati, akaliosha kwa maji mara saba, kesho yake maandazi yakarudi ndani. Hakunicheka, na hilo liliniuma kuliko kucheka. Lakini nilipokuwa nikipita niliona kwamba katika pembe moja ya juu, nyuma ya kioo, ameacha uzi mmoja mweupe, urefu wa kidole. Mwanamke anayeosha mara saba hasahau pembe.

Barazani wazee walipouliza, niliinamisha kichwa nikajibu, "Bi Hariri amefariki." Walikuwapo pia madereva wa malori wakinywa chai, nao hawakujua Bi Hariri ni nani.

Siku ya kumi na nne baada ya maziko, lori liliposimama, alishuka shemeji yangu Zamoyoni, kaka yake Mwahija, mpakuzi wa mizigo kule Isaka, mwenye mabega kama mlango wa ghala. Begani ana gunia la mchele. Mkononi ana bakora.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kuhani, na nikimaliza kuhani nimekuja kugombana. Nianze na lipi?"

"Anza na maji ya kunywa. Karibu."

"Sinywi. Nimeambiwa na dereva. Huyo Bi Hariri alikuwa akikaa hapa?"

"Alikaa, Mungu shahidi. Tangu Ramadhani."

"Ramadhani! Na dada yangu alijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Hata kabati ni lake."

"Kabati gani?"

"Alimokuwa akikaa."

Zamoyoni akaweka gunia chini. "Ulimweka mwanamke wa watu kabatini?"

"La vioo, shemeji. Alikuwa akipata mwanga."

"Akafa kwa nini?"

"Tulidhani kwa uzazi."

Bakora ikapanda. Na hapo, kwa bahati yake mbaya, Kalisti akaingia uani na lile kopo kifuani, akasema kwa huzuni, "Mzee, nimemleta mgane. Siku ya tatu leo hagusi chakula."

Zamoyoni akamgeukia. "Mume ni wewe?"

"Si mimi, ndugu yangu. Yumo kwenye kopo."

Kutoka jikoni tukasikia mwiko ukianguka. Mwahija alikuwa amekaa chini, anajishika mbavu, machozi yanamtoka, na kila akitaka kumweleza kaka yake anaishia kwenye neno "panzi" na kuanza upya. Katikati ya vurugu hizo Mbuke naye akaingia, vumbi la Buzwagi miguuni. "Mwadila!" akatusalimu kikwao, kisha akaangalia bakora, kopo na mwiko. "Nani amekufa?"

Tukampeleka Zamoyoni akalione kaburi. Lilikuwa refu shibiri moja na nusu. Alilitazama, akanitazama, bakora ikashuka yenyewe.

"Ni mdudu," akasema.

"Ni buibui."

"Nimebeba kilo ishirini za mchele kutoka Isaka kwa ajili ya buibui."

Kalisti aliomba mgane aruhusiwe kuaga. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kukataa. Akamweka Spoki chini. Spoki akazunguka, akasitasita, akapanda juu ya kaburi, akasimama katikati. Kisha akapiga ardhi kwa miguu ya mbele: tap, tap.

Akanyamaza.

Chini ya ardhi kukajibiwa: tap, tap, tap.

Zamoyoni, mbeba magunia, alirudi nyuma hatua saba bila kugeuka, kofia yake ikabaki hewani kwanza ndipo ikaanguka. Kalisti akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilisoma kila nilichokuwa nakijua, na vingine nikavisoma mara mbili. Mbuke peke yake aliushika ukuta wa jiko kwa kucheka.

"Alikuwaje mlipomzika?" akauliza.

"Chali. Miguu juu. Hakuwa akila."

"Alikuwa akivua ngozi, enyi wazee! Kama nyoka. Huacha kula, hulala chali, huvua. Mngemwacha nusu siku tu. Nusu siku! Nani alikuwa na haraka?"

Sote tukatazama kwingine.

Kalisti akafukua kwa kijiko, mbao kwa mbao. Mwanandani ulikuwa mzima, hata chembe ya udongo haikuingia. Bafta imefunguka. Ndani yake imelala ngozi kamili, miguu minane na meno juu yake, tupu kama glavu. Na nyuma, chini ya nguzo ya tano, amejifumia pazia jipya, alikuwapo Bi Hariri, mkubwa kuliko alivyokuwa, manyoya yanang'aa kama mahameli. Miaka thelathini nimekata sanda. Sijapata kumwona mwingine aliyeingia ndani yake akatoka na nguo mpya.

"Basi mimba ipo," nikasema, moyo ukinirudi.

"Haipo," akasema Mbuke. "Aliyevua ngozi ni mwali upya. Ya zamani yamekwenda na gamba. Anzeni tena."

Lakini Spoki hakungoja mshenga. Alikuwa tayari mlangoni mwa mwanandani, anabisha hodi. Kalisti akakimbilia pampu, Mbuke akamshika shati. Na kabla Bi Hariri hajatoka, kitu kilipita bega langu kikaanguka mbele yake: mende mnene. Nikageuka. Mwahija anajifuta mkono.

"Ana siku kumi na nne hajala," akasema. "Ale kwanza. Mnatazama nini?"

Spoki alikaa humo kitambo, akatoka na miguu saba, kwa mwendo wa bwana harusi. "Spoki moja imekatika," akasema Kalisti, "gurudumu linakwenda." Mchele wa matanga ukapikwa ukaliwa kama wa harusi, na Zamoyoni alikula sehemu yake yote na ya bakora yake.

Jioni Mwahija akanikumbusha: "Neno langu ni lile lile. Maulidi."

Sasa hatari ilikuwa imezidi. Kabatini alikuwa na vioo. Hapa alikuwa uani, katika tundu la kaburi lake, palepale kuku wanapochakura. Nikahamisha cherehani yangu hadi chini ya upenu. Hata hivyo, kila nilipotoka kwenda kusali nilirudi nikakuta tenga limefunikwa juu ya tundu, na jiwe juu ya tenga. Nilimshukuru Kalisti. Akasema hajui habari ya tenga. Nilimshukuru Mbuke. Akacheka. Sikumshukuru aliyebaki, kwa kuwa namjua: ukimshukuru, hukana, na akikana hubidi aache.

Mfungo Tatu ukapita na Iddi yake. Mfungo Nne Spoki alikufa kwa uzee, nasi safari hii tulimngoja siku tatu kamili, Mbuke akamgeuza, akathibitisha, ndipo tukazika. Mfungo Tano Bi Hariri aliziba tundu lake kwa kifuniko cha hariri nyeupe, hakuonekana tena. Mfungo Sita ukaandama. Nikahesabu siku kumi, tisa, tano, moja. Hakuna kilichotoka.

Jioni ya kuamkia siku ya Maulidi, Mwahija alikaanga maandazi ya wageni, akalijaza kabati rafu zote nne, akalifunika kitambaa cheupe nilichokidarizi mwenyewe. Lilisimama mahali pake pa siku zote, barazani, hatua mbili kutoka kwenye tundu.

Asubuhi wanawake walikwisha kufika kuchukua masinia. Mbuke alikuwapo, na Zamoyoni aliyekuja kwa ajili ya kisomo, au kwa ajili ya maandazi, Mungu ndiye ajuaye. Nilivaa kanzu yangu ya sikukuu, nikaenda uani kama mtu aendaye kulipa.

"Mama Mwaisha, siku imefika. Neno ni neno. Waite kuku wako."

Hakuwaita. Alisimama amelishika tenga kwa mikono miwili, kama mtu aliyesahau lilikuwa la nini. "Si lazima iwe sasa hivi," akasema. "Kuku wameshiba."

"Niliahidi mbele ya watu."

Nikaondoa tenga. Kile kifuniko cha hariri kilikuwa kimetoboka. Chini kabisa, mlangoni mwa mwanandani, Bi Hariri alikuwa ameketi peke yake, amekonda, na mbele yake kifuko cheupe kama mpira wa soksi, kimepasuka, kitupu.

"Wametoka," akanong'ona Mwahija. "Baba Mwaisha, wametoka! Wamekwenda wapi?"

Nyuma yetu mwanamke mmoja, asiye na habari, alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha kabati, akakivuta.

Juu ya maandazi yote, rafu kwa rafu, ilikuwa imetandazwa shuka moja nyembamba, inang'aa kwa jua la asubuhi. Ilianzia pembe ya juu, pale ulipokuwa umeachwa ule uzi wa urefu wa kidole. Na juu ya shuka walikuwa wakitembea watoto, mia na zaidi, kila mmoja kama punje ya uwele iliyoota miguu.

Mwenye kitambaa alikimbia nacho mpaka barabarani. Wengine wakaita Subhanallah, wengine wakapanda juu ya benchi, na Mbuke akapiga vigelegele vilivyosikika msikitini, ambako wazee wakajua habari kabla sijavaa viatu.

Mwahija alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akazifuata nyuzi kwa kidole, kutoka juu hadi chini.

"Utando huu si wa asubuhi moja," akasema mwishowe. "Wamekuja tangu jana. Ni kabla ya Maulidi."

"Unaweza kudai kuna shaka kuhusu siku," nikamwambia, kwa kuwa haki ni haki.

"Sidai kitu. Nilisema kabati ni lake na wanawe." Akafunga mlango taratibu, asimbane hata mmoja, akazungusha kitasa cha shaba. "Mama yangu alikuwa akipenda nyumba yenye watoto."

Zamoyoni akakohoa. Alikuwa ametoka Isaka juu ya lori bila kufungua kinywa. "Dada, na maandazi?"

"Yamo ndani ya nyumba ya watu. Unataka andazi, bisha hodi kama alivyobisha marehemu Spoki."

Shemeji yangu ni mtu anayeshika maagizo. Akainama, akagonga kioo kwa ukucha: tap, tap.

Watoto wote wakasimama. Kisha mmoja, aliyeketi juu ya andazi kubwa kuliko yote, akainua miguu yake ya mbele juu kabisa, akamkatalia.